Mstari Mfupi Kwenye Nafasi ya Baba

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya wa miezi miwili. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilikwambia mtoto amefaulu mtihani, ukajibu "poleni sana, Mungu atawapa nguvu." Basi nimeona bora kalamu.

Chiriku hajambo. Ametimiza miaka kumi na anaongea kuliko mimi na redio tukiwekwa pamoja. Mume wangu, yule fundi wa lifti niliyekuandikia habari zake, ameomba kumwasili. Aliniomba mimi kwanza, kisha akamwomba mtoto mwenyewe, kofia mkononi kama mtu anayetafuta kazi. Chiriku akamwambia "nitafikiria", akamweka siku tatu.

Baba, sina kinyongo na jambo hili, ila kuna moja linaninyima raha. Sheria ya huku inasema mtoto akiasiliwa, jina la ukoo la baba mlezi linachukua nafasi ya lile la zamani. Lakini kama cheti cha kuzaliwa kinamtaja baba aliyefariki, jaji anaweza kuruhusu mtoto abaki na yote mawili. Mimi nataka abaki na yote mawili. Sitaki mwanao afutike. Shida ni kwamba cheti cha Chiriku, penye nafasi ya baba, kina mstari mfupi tu wa wino.

Kesi ni tarehe 20 Mei. Ulikaa kwenye ofisi ya vizazi na vifo miaka thelathini na moja. Kama kuna mtu anayejua namna ya kuijaza nafasi ile, ni wewe.

Mkweo,
Mama Chiriku

22 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Unanijua, sijibu swali kabla sijalizunguka mara mbili, kwa hiyo keti.

Kwetu mtoto hana jina la ukoo kama wanavyolielewa huko. Ana jina lake, kisha la baba yake, kisha la babu yake, na mama anaweza kuyataja hata nafasi ya baba ikibaki tupu. Mlipofika huko mkakuta fomu ina visanduku viwili tu, cha jina na cha ukoo. Karani wao, ambaye simlaumu kwa kuwa nami nilikuwa karani, akachukua jina la mwisho, ambalo ni langu, akalitia kwenye kisanduku cha ukoo. La mwanangu likabaki katikati bila mtu wa kulisoma. Ndiyo maana shuleni mjukuu wangu anaitwa kwa jina la mzee wa miaka sabini na mitatu mwenye magoti mabovu. Ulipoliandika hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni.

Wengi hudhani jina ni mali ya ukoo. Nimegombana na akina baba wengi mezani kwangu kwa sababu hiyo. Nilikuwa nikiwaambia, "Bwana, fomu hii ni ya mtoto, wewe umembebea tu." Sheria zinatofautiana nchi hadi nchi kuhusu nani anaandika na anaandika nini, lakini karibu zote zinakubaliana kwamba mtoto ana haki ya kuandikwa anapozaliwa, kupewa jina, na kuwajua waliomzaa. Ni haki yake yeye, si ya mama, si ya baba, na si ya babu mwenye kuipenda sauti ya jina lake mwenyewe.

Kuhusu mstari ule. Wakati huo wazazi ambao hawajafunga ndoa walitakiwa kufika wote wawili mbele ya msajili ndipo baba aandikwe. Mwanangu alikuwa kwenye ujenzi wa daraja, safari ya siku mbili, na hakupewa ruhusa. Ulikuja peke yako. Miezi minne baadaye akaanguka, na maiti haifiki mbele ya msajili. Sasa imebaki mahakama, na mahakama zetu hazitamaliza kabla ya Mei. Sioni njia, mwanangu.

Msalimie Fundi. Mwanamume anayekubali kuwekwa siku tatu na mtoto ana tabia njema.

Baba yako

14 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma, na Fundi nimemsomea ile sehemu ya siku tatu. Amecheka, kisha akaenda kurekebisha bomba ambalo halikuwa bovu.

Lakini Baba, sikuja peke yangu siku ile. Nilikuja na barua. Mwanao aliandika kwa mkono wake kwamba mtoto ni wake na aandikwe kwa jina lake. Mhandisi wao mkuu akashuhudia, akatia sahihi na muhuri. Chiriku alikuwa na wiki tatu. Nilipanga foleni kama watu wote. Ulivaa miwani, ukaisoma ile barua mara mbili, ukaikunja, ukanirudishia. Ukasema, "Akifika atatia sahihi mwenyewe. Hapa hakuna mtoto wa msajili." Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu hata mama yake mzazi angempangisha foleni," watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nilikuheshimu kwa hilo. Nilirudi nyumbani nikijivuna kwamba naolewa kwa watu wanyoofu.

Wakili wetu wa kesi hii anauliza: ile barua ilikataliwa na sheria, au na msajili? Anasema majibu hayo mawili kwa jaji ni vitu viwili tofauti. Naomba unijibu hilo tu.

Chiriku naye ameandika. Makosa yake usiyasahihishe kwa wino mwekundu kama mwaka jana, alinuna wiki nzima.

Mkweo,
Mama Chiriku

(ndani ya bahasha hiyo hiyo)

Babu shikamoo,

Mimi sijambo. Nitakwenda kwa jaji. Hapa mtoto akifika miaka kumi lazima jaji amsikilize mwenyewe, mama na baba wanakaa nje. Fundi anasema nisiogope, niseme kile ninachoamini. Mama anasema niseme nataka majina mawili. Lakini kwenye karatasi yangu pameandikwa mstari, na msichana mmoja shuleni aliuona, akasema maana yake baba hakuwepo. Mama akiniambia habari za baba huwa analia, kwa hiyo siulizi sana.

Nilitaka kukuuliza wewe kwa sababu ndiyo kazi yako. Uliandika watoto wangapi? Ulijuaje kama watu wanasema kweli? Ulishawahi kukosea?

Chiriku

2 Aprili

Chiriku, mjukuu wangu,

Marahaba. Hakuna wino mwekundu, naapa.

Niliandika zaidi ya watoto elfu arobaini. Wakisimama kwenye mstari, wa mwisho hutamwona. Nilikuwa na daftari kubwa lenye jalada gumu, refu kama mkono wako, na kalamu ambayo hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Waliniita Bwana Utaratibu. Walidhani sijui.

Unauliza nilijuaje kama watu wanasema kweli. Sikujua. Ndiyo maana kuna taratibu: huyu alete karatasi hii, yule atie sahihi pale. Anayefuata utaratibu hana haja ya kusoma nyuso za watu.

Na kama nimewahi kukosea? Daftari la babu yako halikuwa na kosa, Chiriku. Kilichokuwa kweli niliandika, na ambacho hakikuwa kweli hakikuandikwa. Usiwe na wasiwasi na jaji. Mjibu polepole na umtazame usoni.

Babu

Nyuma ya ukurasa, kwa mama yako: Mwambie wakili sheria ilikuwa hivyo.

21 Aprili

Baba,

"Mwambie wakili sheria ilikuwa hivyo." Nimesubiri zaidi ya mwezi kupata maneno matano nyuma ya barua ya mtoto.

Wewe unayenieleza kisanduku cha fomu kwa nusu ukurasa, umekosa maneno? Nimekaa nawe miaka mingi kiasi cha kujua kwamba ukifupisha, unaumwa au unaficha. Kama unaumwa, niambie. Kama unaficha, niambie pia.

Chiriku amebandika barua yako ukutani juu ya kitanda chake. Anaisoma kwa sauti kabla ya kwenda shule.

Nauliza kwa mara ya mwisho. Ile barua ilikataliwa na sheria, au na wewe? Sitakuchukia kwa jibu lolote. Nitakuchukia kwa kukosa jibu.

Mama Chiriku

8 Mei

Mwanangu,

Ilikataliwa na mimi.

Nitaeleza, na safari hii sizunguki. Miezi miwili kabla hujaja mezani kwangu, makao makuu yalikuwa yametoa waraka kwa ofisi zote. Waraka huo ulisema mzazi aliye kazini mbali si lazima afike. Barua yake ikishuhudiwa na mkuu wake wa kazi na kupigwa muhuri inatosha, na msajili amwandike. Barua uliyoishika siku ile ilikuwa kamili. Haikupungukiwa na kitu. Waraka ulikuwa kwenye droo, kiasi cha shubiri moja kutoka goti langu, bado ndani ya bahasha yake. Nilikuwa na mazoea ya kuzifungua bahasha za makao makuu kila baada ya miezi kadhaa, zote kwa pamoja, kwa kuwa niliamini hakuna la kuniambia ambalo silijui.

Niliufungua siku kumi na moja baada ya mazishi.

Hilo la kwanza ni uzembe, na uzembe mtu anaweza kuishi nao. La pili ndilo lililonikausha. Waraka uleule ulisema kosa la ofisi linaweza kusahihishwa na ofisi yenyewe, hata kama mzazi amefariki, msajili aliyekosea akila kiapo na kueleza alipokosea. Ukurasa mmoja tu. Nilikaa kuuandika. Nikafikiria vijana wa ofisini wakiusoma. Nikafikiria foleni ile iliyocheka. Nikasema nitaandika wiki ijayo. Wewe ukasafiri na mtoto, nami nikastaafu, wakanipa saa ya ukutani na hotuba kuhusu uaminifu.

Nimemnyima mwanangu mtoto wake, nikamnyima mtoto baba yake, ili nisionekane nimekosea mbele ya watu ambao leo hata hawakumbuki sura yangu. Na mwezi uliopita nimemwambia mjukuu wangu, kwa mkono huu huu, kwamba daftari langu halina kosa.

Jana nimekwenda ofisini. Msajili wa sasa ni yule binti niliyemfundisha kazi. Ile barua ya mwanangu ninayo, uliniachia pamoja na nguo zake za kazi uliposafiri. Nimeitoa, nimekula kiapo. Anasema atasahihisha ndani ya wiki na kukutumia cheti moja kwa moja. Barua hii naituma kwa posta ya haraka. Kama itakuwahi, mpe wakili. Na ile iliyo ukutani, iondoe.

Sikuombi msamaha kwenye karatasi. Nimeziamini karatasi kupita kiasi.

Baba yako

15 Mei

Kwa Mzee wetu,

Shikamoo. Natumaini magoti yanakuruhusu kuufikia mlango na kumfungulia anayekuletea barua hii.

Marekebisho yamefanyika leo, ukurasa ule ule, pembeni, kwa wino mweusi kama ulivyonifundisha. Mstari haufutwi, unajua mwenyewe, ila sasa juu yake limeandikwa jina la mwanao. Cheti kipya kimeondoka mchana kwa posta ya haraka kwenda kwa mama wa mtoto.

Kuna jambo hukuliweka kwenye kiapo kwa sababu hukulijua. Bahasha ya waraka ule niliipokea mimi mlangoni na kuisaini. Nilikuwa na miezi mitatu kazini. Niliiweka mezani kwako, nikakuona ukiitupia kwenye droo bila kuifungua. Siku mama wa mtoto alipokuja na ile barua, nilikuwa nyuma yako napiga mihuri. Nilitaka kusema, "Mzee, labda tuangalie kwenye droo." Nikaogopa. Ungenitazama juu ya miwani.

Nimekuacha ulibebe kosa hili peke yako kwa miaka kumi. Nisamehe.

Mwanafunzi wako,
Msajili

21 Mei

Babu shikamoo!

Nimemaliza kwa jaji jana! Jaji ni mama mnene, amevaa suti na raba. Chumba chake kina meza fupi na penseli za rangi, lakini mimi si mtoto mdogo, sikuchora. Aliniuliza kama napenda kuishi na Fundi. Nikasema ndiyo, ila anakoroma. Akaandika. Sijui kama aliandika anakoroma.

Kisha akaniuliza habari za baba aliyenizaa na kama nataka kubaki na majina mawili. Mama alikuwa ameniambia niseme ndiyo. Lakini Fundi alisema niseme ninachoamini, na wewe ulisema nijibu polepole na nimtazame usoni. Basi nikamtazama. Nikamwambia babu yangu ndiye alikuwa msajili, aliandika watoto elfu arobaini bila kosa hata moja. Kilichokuwa kweli aliandika, na ambacho hakikuwa kweli hakikuandikwa. Nikamwonyesha barua yako, nilikuwa nimeiweka mfukoni. Nikasema ningekuwa na baba, Babu angemwandika.

Jaji akaiweka kalamu chini. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika, nataka jina la Fundi peke yake, moja linatosha.

Nadhani Mama alinihadithia habari za baba ili nisihuzunike. Sijamkasirikia. Ila nimefikiria kitu. Kama hakuwa baba yangu, basi wewe umekuwa ukiniazima jina lako miaka yote hii na hukuniambia kitu. Asante sana Babu. Nalirudisha. Nililitunza vizuri, sikuwahi kupewa adhabu nalo ila mara mbili.

Je, nilijibu vizuri?

Chiriku

10 Juni

Baba,

Barua yako ilifika tarehe 26 Mei, posta ya haraka kwa jina tu. Cheti kilifika tarehe 29. Hukumu ilitoka tarehe 20, saa sita mchana.

Nilipofungua cheti nilikaa chini, sakafuni jikoni. Nimemwona mwanao ameandikwa mahali pake, majina yake yote, kazi yake, "mchomeleaji vyuma". Nilifurahi kama mtu aliyerudishiwa mtu. Kisha Chiriku akapita kuchukua maji, akaniuliza ni karatasi gani. Nikamwambia ya umeme.

Wakili anasema tunaweza kukata rufaa kwa cheti hiki. Lakini mtoto ataitwa tena, aketishwe kwenye kile kiti, aambiwe kwamba alichomwambia jaji kwa kujiamini vile hakikuwa kweli. Fundi amesema yuko tayari, hata kama jina lake litaondolewa kabisa. Mimi siko tayari. Sitamrudisha pale. Sheria ya huku inamruhusu akifika miaka kumi na minane aombe mwenyewe, na siku hiyo cheti kitakuwepo.

Nilikwambia nitakuchukia kwa kukosa jibu. Sasa jibu limekuja, na sijui niliweke wapi.

Chiriku bado anauliza kila siku kama barua yako kwake imefika. Anataka kujua kama alijibu vizuri. Sijamwambia lolote. Hilo ni lako, Baba.

Mama Chiriku

28 Juni

Chiriku, mjukuu wangu,

Marahaba. Soma barua hii ukiwa umekaa na Mama yako, na Fundi awe karibu.

Ulijibu vizuri. Hakuna mtu mzima aliyewahi kumjibu jaji vizuri kuliko wewe. Uliulizwa unachoamini, ukasema. Aliyejibu vibaya ni mimi, siku uliponiuliza kama nimewahi kukosea. Nilikosea, Chiriku. Kati ya watoto wote wale, mmoja nilimwandika vibaya, na ni wewe.

Ulikuwa na baba. Alituma barua kwamba wewe ni wake na uandikwe kwa jina lake. Ruhusa ya kumwandika ilikuwa ndani ya bahasha kwenye droo yangu, na bahasha hiyo sikuifungua. Nikachora mstari. Baadaye nikajua, nikanyamaza kwa kuona aibu. Kila neno Mama yako alilokwambia juu yake ni kweli. Alikuwa anachomelea vyuma vya daraja, na aliimba vibaya mno, na alikuwa amekununulia soksi kubwa kuliko mguu wako kwa sababu hakujua watoto wana ukubwa gani.

Jina langu sikukuazima. Lilikuwa lako kabla hujajua kulitamka. Lakini hilo jingine ulilichagua mwenyewe, mbele ya jaji, na mtu aliyekupa ni mtu mwema. Lishike. Ukifika miaka kumi na minane sheria itakuuliza tena ukitaka. Wakati huo amua kwa ajili yako. Usifikirie mimi, wala usifikirie ukoo. Niliwaambia hivyo akina baba wote waliopita mezani kwangu, na sikujisikiliza.

Ukinikasirikia, niandikie umenikasirikia. Ukikaa kimya, nitaelewa pia.

Asubuhi hii nimeandika anwani juu ya bahasha. Mtu wa posta wa huko hatakupata kwa jina la zamani, kwa hiyo nimeandika jipya. Nimeliandika taratibu, herufi moja moja, kama nilivyokuwa nikiwaandika watoto wa watu, na nimelisoma mara mbili kuhakikisha sijakosea.

Babu yako